Katana na Mashua Aliyoikimbia

Watu wa Ngomeni walimsifu Katana Sanga kwa jambo ambalo hakulifanya, naye akakaa na sifa hizo miezi na miezi kwa sababu kila siku iliyopita ilifanya kuzikanusha kuwe kugumu zaidi.

Asili yake ni Adu, kule ndani Magarini, ambako wazazi wake walilima mahindi na mihogo. Alipokuwa kijana alishuka Gongoni kufanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, na chumvi ikamchoma miguu hadi akaichukia. Ndipo alipokutana na Zuhair, mvuvi wa Ngomeni, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, aliyekuwa akitafuta mwenzake wa kuvuta nyavu. Katana hakujua hata kuogelea. Zuhair alimfundisha palepale penye maji matulivu karibu na mikoko, amemwekea kiganja chini ya tumbo kama mtoto mchanga, huku wavuvi wengine wakiwacheka kutoka pwani. Akamfundisha kutega jarife, ule wavu mkubwa wa papa, kuisoma rangi ya maji, na kuijua njia ya kurudi kwa kuyaangalia yale majukwaa ya chuma ya Waitaliano ya kurushia roketi, yaliyosimama baharini tangu zamani. Kwa Katana, Zuhair alikuwa kaka, na kwa mambo mengine alikuwa zaidi ya kaka.

Ajali ilitokea alasiri moja walipokuwa wakirudi na samaki wa kutosha. Bahari ilikuwa imechafuka kidogo, lakini si ya kumtisha mtu. Ghafla maji yakaanza kuingia. Hayakuwa maji ya mawimbi. Yalipanda kutoka chini, kwa nguvu, kama mfereji uliofunguliwa. Zuhair akakamata kopo akaanza kuyafua na kuyamwaga nje. Mashine ikakohoa, ikazima. Wimbi la ubavuni likaiinamisha mashua, mashine ikang'oka mahali pake ikamwangukia Zuhair mguuni, ikambana kwenye taruma, ule mti uliopinda kama ubavu unaoshika mbao za chombo.

Ndani ya mashua palikuwa na kitu kimoja tu cha kuelea, dumu tupu la mafuta. Katana alilikumbatia. Hakumbuki kuamua. Anakumbuka kwamba alikuwa ndani ya chombo, kisha alikuwa nje yake, na dumu liko kifuani.

"Katana!" Zuhair aliita. "Katana, nipe mkono!"

Alisikia. Kila alipojaribu baadaye kujidanganya kwamba upepo ulikuwa mkali, alirudi palepale: alisikia vizuri, jina lake na ombi lenyewe. Akapiga miguu, akaenda.

Mkondo ulimtupa kwenye mikoko. Kijiji hakikuwa mbali. Mtu akifuata ukingo wa maji hufika kabla nguo hazijamkauka. Katana hakwenda. Aliketi topeni kati ya mizizi, akijiambia atainuka sasa hivi, kisha sasa hivi, kisha sasa hivi. Bahari haikuwa ikimtisha tena. Alichoogopa ni kuulizwa mwenzake yuko wapi.

Jua lilipokuwa limeinama alisikia mlio wa mashine, akachungulia, akaona chombo cha wavuvi wa kamba kinakokota mashua ya Zuhair iliyojaa maji hadi ukingoni. Juu ya chombo mtu alikuwa amelazwa, na mkono wa mtu huyo ulisogea. Hapo miguu ya Katana ikapata nguvu. Alifika pwani watu wameshakusanyika, yeye mzima, ana tope hadi kiunoni. Wakageuka wote kumtazama. Mzee mmoja akafungua kinywa, na swali lenyewe lilikuwa linatoka, Zuhair alipoinua kichwa kutoka mchangani.

"Msimlaumu kwa kuchelewa," akasema, meno yamemkazana kwa maumivu. "Ni mimi niliyemtuma. Nilimwambia achukue dumu akawalete watu. Mikoko ndiyo iliyomshika."

Afiya, mke wa Zuhair, alikuwa amepiga magoti kando ya mumewe. Aliinuka, akaushika mkono wa Katana wenye tope kwa mikono yake yote miwili.

"Shemeji, Mwenyezi Mungu akulipe," akasema. "Umeitoa roho yako kwa ajili ya mume wangu."

Katana alifungua kinywa. Angeweza kusema lolote. Akasema, "Amina."

Zuhair alilazwa hospitali ya Malindi muda mrefu, akatiwa chuma mguuni, akarudi na mkongojo. Mashua ilivutwa juu, ikaegemezwa chini ya mivinje, ikakaa hapo inapasuka kwa jua. Katana alipata vibarua kwenye vyombo vya watu wengine, na kila alikokwenda alipewa nafasi. "Panda, panda, wewe ndiye mtu wa kwenda naye baharini," wangemwambia, naye angepanda, ameinamisha uso. Kila Ijumaa Afiya alimpelekea sahani ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, imefunikwa kawa, kwenye chumba alichopanga, kwa kuwa mkewe Damaris alikuwa Adu akiangalia shamba pamoja na mama yake Katana. Katana alikula wali ule. Angeurudisha, angetakiwa kueleza kwa nini. Alikula akiwa ameupa mlango mgongo, na wakati mwingine chakula kilimkwama kooni, akakisukuma kwa maji.

Yeye na Zuhair hawakulizungumza jambo lile hata siku moja. Walipokutana waliulizana hali, mguu, samaki. Wangekaa wawili tu barazani, kila mmoja akitazama upande wake.

Siku Zuhair alipoweza kutembea bila mkongojo hadi pwani, alizunguka mashua yake taratibu, akaipigapiga ubavuni, akamwita.

"Tuifufue, Katana. Mimi peke yangu siwezi kuinama. Utakuwa mikono yangu."

"Haya, kaka," Katana akasema. Alifurahi kama mtu aliyepewa adhabu inayobebeka. Aliona kwamba akifanya kazi hadi mgongo umuume, huenda kitu kikalegea ndani yake.

Alianza kwa kukwangua. Chini ya mashua palikuwa na magamba ya bahari yaliyoshikana kama ukoko wa chungu, na rangi ya zamani iliyovimba. Akayatoa yote kwa chuma, vidole vikamchubuka. Kisha akaingia ndani kung'oa sakafu ya mbao iliyofunika mkuku, ule mti mkubwa wa chini ambao chombo chote hujengwa juu yake. Zuhair alikuwa ameketi kivulini, ananyoosha misumari iliyopinda kwa nyundo. Katana alipoinua ubao wa mwisho wa sakafu, nyundo ikanyamaza.

Ubao wa kwanza kutoka kwenye mkuku, upande wa nyuma, ulikuwa umeoza. Haukuwa umevunjwa na mwamba. Ulikuwa umeliwa na maji kwa muda mrefu, laini kiasi cha kuingia kidole, na penye tundu palisokotwa kipande cha gunia, pakapakwa lami nene. Lami yenyewe ilikuwa kongwe. Juu yake mtu alikuwa ameigongomea sakafu vizuri ili pasionekane.

Katana alipiga magoti pale kwa kitambo. Alikumbuka kwamba siku zote sehemu ile aliishughulikia Zuhair mwenyewe. Akainua macho, akaona Zuhair anamtazama. Wakatazamana hivyo, kisha Zuhair akachukua msumari mwingine na kuendelea kuunyoosha.

Jambo la kwanza alilolihisi Katana lilikuwa furaha. Ilimjia ghafla, tamu, kabla hajaizuia: kumbe na yeye! Kumbe alikuwa akinipakia kwenye jeneza na kunificha hilo! Na palepale ilipomjia, akaiona sura yake. Aliona kwamba mtu aliyemfundisha kuogelea amepatikana na kosa, na yeye Katana anachekelea moyoni kama aliyeokota kitu njiani. Aibu iliyofuata ilikuwa kali kuliko ile aliyoizoea. Aliung'oa ule ubao, ukatoka vipande viwili, akauweka mchangani.

Alasiri ile waliuchoma mwili wa mashua kwa makuti, kama inavyofanywa ili kuua wadudu watoboao mbao na kukausha unyevu. Moto uliporuka vizuri, Zuhair alichechemea hadi kwenye vile vipande viwili, akaviinua kimoja kimoja, akavitupa motoni. Gunia lenye lami likawaka kwa moshi mweusi.

Siku ya pili akaja fundi Msellem kutoka Mambrui, mtu mzima mwenye ndevu zilizotiwa hina, anayejulikana ukanda wote ule kwa kuunda vyombo. Watu walikuwa wengi pwani, samaki wakigawanywa. Msellem aliinama, akatazama pengo chini ya mashua, akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Leteni ubao uliotoka, niupimie mpya."

Hakuna aliyeondoka kwenda kuuleta. Fundi akageuka.

"Ubao wa zamani uko wapi? Au mnataka nikate kwa kukisia?"

Zuhair alitazama chini. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na Katana, aliyeijua vizuri hali ya mtu anayetaka ardhi ipasuke immeze, hakuweza kuvumilia kuiona usoni mwa mwenzake.

"Nimeuchoma mimi, fundi," akasema. "Nilidhani ni kuni tu."

"Kuni?" Sauti ya Msellem ilifika hadi kwa wagawa samaki. "Wewe mtu wa bara, miaka yote hii pwani hujajua kwamba ubao mbovu ndio kipimo cha ubao mzima? Mambo ya makaa hayo ungeyaacha hukohuko Adu!"

Watu wakacheka. Mmoja akamtetea: "Muache fundi, huyo aliokoa roho ya mtu." Na hilo ndilo lililomchoma Katana zaidi ya matusi. Akayapokea yote, kicheko na utetezi, ameshika nyundo mkononi. Zuhair aliendelea kutazama chini. Fundi alikata ubao wa mwembe kwa kukisia, akauweka, akautoa, akauchonga tena na tena, akinung'unika hadi ukakaa.

Kisha Msellem akasema taruma moja nalo limepasuka pale mashine ilipoangukia, na kwamba yeye hataki mti ulionyooka unaopindwa kwa nguvu. Anataka tawi lililojipinda lenyewe.

"Miti ya namna hiyo iko kwetu," Katana akasema haraka. "Nitaleta."

Alifurahi kuondoka. Lakini Adu habari zilikuwa zimemtangulia. Mama yake, Mapenzi, mwanamke mwembamba aliyechoka kwa jua na kuchota maji mbali, alikuwa amechinja kuku na kuwaita majirani. Walimkalisha kwenye kiti chenye mgongo. Mama akasimama mbele ya watu, akasema mwanawe amefanya jambo ambalo baba yake marehemu angelisikia akalia kwa furaha. Majirani wakamwomba asimulie. Katana akasema maji yalikuwa mengi, akasema Mungu ni mwema, akasema anataka kwenda kutafuta mti kabla jua halijawa kali. Wakamsifu pia kwa kutojisifu.

Damaris alimfuata shambani. Walikuta mwarobaini mkubwa kwenye mpaka, una tawi lililopinda kama kiwiko. Katana alipanda, akaanza kukata. Alikata huku anazungumza, bila kumtazama mkewe aliyekuwa chini, akamweleza yote: dumu, sauti, mikoko, sahani za Ijumaa. Tawi lilipoanguka alikuwa amemaliza. Akashuka.

Damaris alikuwa amekaa juu ya kisiki, amejishika tama.

"Kuna mtu mwingine anayejua?" akauliza.

"Zuhair. Na wewe."

"Na Zuhair amesema alikutuma."

"Amesema."

"Basi nyamaza, Katana. Mwenye mguu mwenyewe amenyamaza. Unataka mama yako awatazame vipi watu wale walioketi pale nyumbani? Unataka mimi nipite vipi sokoni?"

Alisema kwa upole, na kila neno lilikuwa la kweli. Wakapunguza tawi pamoja, wakalifunga nyuma ya bodaboda. Lakini walipokuwa wakiagana, Katana aliona kwamba mkewe hamwangalii machoni, anaangalia mkono wake, ule ambao haukunyooshwa.

Huko Ngomeni kazi ilikwenda mbele. Taruma likachongwa, likakaa mahali pake kama lililozaliwa hapo. Msellem akawaachia kazi ya kalafati, na hiyo Katana aliifanya peke yake: kusokota pamba, kuichovya mafuta, kuisukumiza kwa patasi butu kati ya ubao na ubao, nyundo ikilia tak, tak, kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Hakuruka hata sehemu ndogo. Palipokuwa na shaka aliitoa pamba akaitia upya. Wakapaka chini mafuta yaliyochanganywa na chokaa, wakapaka rangi nyeupe juu na mstari wa kijani. Mashine ilitengenezwa Malindi, ikarudi. Wakaweka nanga mpya, kamba mpya, kopo la kufulia maji. Nyavu zilishonwa na Afiya mwenyewe, ambaye mkono wake kwenye nyavu hauna mfano pale kijijini.

Afiya ndiye aliyesema kwamba mashua isishuke majini hivihivi. Patakuwa na dua na pilau ya sadaka, na kabla ya dua atasimama yeye, amshukuru Katana mbele za watu. Alikuwa ameshanunua kikoi cha kumvika.

Katana aliposikia habari ya kikoi, hakumaliza kazi aliyokuwa nayo. Ilikuwa mchana, siku moja kabla ya sherehe. Alikwenda hadi nyumbani kwa Zuhair, akabisha hodi. Afiya alikuwa uani ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi.

"Karibu, shemeji. Mwenyewe ametoka. Keti."

"Nimekuja kwako, shemeji." Hakuketi. "Naomba kesho usinitaje."

Afiya akacheka. "Haya zako hizo! Kila mtu anajua—"

"Hakunituma."

Nazi ikasimama mkononi mwake.

"Zuhair hakunituma," Katana akasema. "Nilichukua dumu nikakimbia. Yeye alibanwa mguu, mimi nikaondoka. Sikuwaita watu. Nilikaa kwenye mikoko mpaka nilipoona wengine wamemleta."

Afiya aliinuka polepole kutoka juu ya mbuzi. Vipande vya nazi vilikuwa vimemshika mikononi, hakuvifuta.

"Alikuita?"

"Aliniita."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Alisema nini?"

Katana akayasema maneno yale mawili. "Nipe mkono."

Afiya aliutazama mkono wa Katana. Hakupaza sauti. "Na siku ile," akasema, "mimi nilikushika mkono huohuo. Nikakuombea. Ukaniitikia amina."

"Niliitikia."

"Wali wangu wote ule ulikuwa ukiula vipi, Katana?"

Hakuwahi kumwita kwa jina tupu. Katana alitaka kusema kwamba ulimkwama kooni, lakini aliona kwamba hata hilo lingekuwa kuomba huruma. Habari ya ubao uliooza hakuigusa.

"Ondoka," Afiya akasema.

Zuhair alimfuata pwani kabla ya magharibi, anachechemea kwa haraka, kanzu imeshikwa na upepo. Katana hakuwahi kumwona na hasira namna ile.

"Nani amekuomba useme? Nilikusitiri! Ulijua nimekusitiri!"

"Nilijua, kaka."

"Umenivua nguo ndani ya nyumba yangu. Ameniuliza: kama alikuacha ufe, umemlinda kwa nini? Unafikiri nilikuwa na jibu gani? Siku zote hizi namtazama mke wangu usoni na kumwambia uongo, leo ataniamini kwa lipi?" Akakaa juu ya nanga, pumzi zimemwishia. Sauti yake ikashuka. "Nimemwambia habari ya ubao. Nilijua umeoza tangu msimu uliotangulia. Kila siku nilisema wiki ijayo nitamwita Msellem. Nikasokota gunia, nikapaka lami, nikafunika. Nikakuchukua baharini bila kukwambia."

"Niliuona, kaka."

"Najua uliuona. Pale pwani, Katana, sikusema vile kwa wema. Usinifikirie hivyo. Ungeanza kulaumiwa, ungejitetea, watu wangeuliza chombo kizima kinajaaje maji bila kugonga kitu. Nilitaka waangalie kwingine. Nikakutupia sifa kama mtu anayemtupia mbwa mfupa anyamaze." Akajifuta uso. "Ni mimi niliyekutia kwenye maji yale."

Hapo Katana angeweza kumwachia Zuhair lawama yote. Maneno yale yalikuwa mlango, na mtu mwingine angepita. Alitikisa kichwa.

"Ubao ni wako, kaka Zuhair. Lakini aliyeitwa ni mimi."

Walikaa pale, mmoja juu ya nanga, mwingine ameegemea mashua yenye harufu ya rangi mpya, wote wawili wakiona haya kuinuka kwanza.

Sherehe ilifanyika kwa kuwa mchele ulikuwa umeshaoshwa na watu wameshaalikwa. Dua ilisomwa fupi. Hapakuwa na shukrani wala kikoi, na wageni wakaangaliana. Watu walipoishika mashua kuisukuma, Katana alijiweka nyuma kabisa, mahali penye tope. Chombo kikateremka, kikakaa juu ya maji kikavu ndani, hakikuvuja hata tone, na watu wakapiga makofi. Ndipo Afiya akapita katikati yao amebeba majaketi mawili ya kuokolea, ya rangi ya chungwa, yangali kwenye mifuko yake. Alimkabidhi mumewe.

"Moja la kwako na moja la kwake," akasema, kwa sauti ya watu wote kusikia. "Chombo hiki hakitoki tena na kitu kimoja cha kuelea." Kwa Katana hakugeuka.

Maneno hayo yaliwatosha wenye masikio. Haikuchukua muda habari ikazunguka, nusu yake kweli na nusu imeongezwa. Vijana wa pwani wakampa Katana jina, wakamwita Dumu. Walipomwona anapita mmoja angeita, "Dumu, unaenda wapi na wenzako umewaacha huku?" Aliitika. Wengine walidhani anaitika kwa sababu hana akili ya kukasirika.

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba mama yake alizipata habari sokoni Marafa, kabla yeye hajapata ujasiri wa kwenda kumwambia. Alipofika Adu, Mapenzi alimwandalia ugali na mchicha, akazungumza naye habari za mahindi na tanki la maji lililokauka. Hakuuliza kitu. Katana alisubiri siku mbili aulizwe, kisha akarudi Ngomeni. Damaris alimsindikiza hadi barabarani. "Nilikwambia," akasema, lakini safari hii alimwangalia machoni.

Zuhair hakumfukuza. Wanaendelea kwenda baharini pamoja. Afiya humjibu salamu, kwa neno moja, na Katana hajawahi kuona kwamba yeye anastahili zaidi. Siku ambazo mguu wa Zuhair unauma, anamwambia Katana achukue chombo yeye na mtu mwingine, na hapo ndipo Katana alipoanzisha desturi ambayo wengi wanaiona ni wazimu.

Hivi karibuni alikuja Dedan, mfanyakazi wa chumvi aliyechoka na chumvi, kutoka mbali huko bara, asiyejua habari za pale. Alitaka kufundishwa uvuvi. Katana alimpa jaketi, akamfunga kamba zake mwenyewe, akahakikisha zimekaza. Kisha, kabla hawajasukuma, akasimama mbele yake na maji yakiwafika magotini.

"Kabla hujapanda, ujue unapanda na nani. Mashua hiihii ilijaa maji, mwenzangu akabanwa mguu, akaniita nimpe mkono. Sikumpa. Nilikimbia. Sijui leo tukipatwa na jambo nitafanya nini. Nataka niseme nitasimama, lakini hata siku ile ungeniuliza asubuhi ningesema hivyohivyo."

Dedan alicheka, akidhani ni mzaha wa kuwatisha wageni. Akamtazama usoni, akaacha kucheka. Akafungua kamba za jaketi moja baada ya nyingine, akamrudishia, akasema samahani, akapanda juu kuelekea kijijini. Katana alikunja nyavu akarudi nyumbani. Mtu haendi baharini peke yake.

Asubuhi iliyofuata alikuwa anamimina mafuta kwenye mashine aliposikia mtu anatembea majini nyuma yake. Alikuwa Dedan, suruali imekunjwa, na mkate kwenye mfuko.

"Mimi naketi upande gani?" akauliza.